Kumwamsha au Kumtuma

Mkoromo wa baba uliusikia kabla hujafika kwetu. Ulivuka ua wa matete, ukapita juu ya mikeka iliyoanikwa chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, na wanawake waliokuwa wakivigeuza juani walitazamana wakacheka. "Patron amelala," walisema, maana baba ndiye aliyekuwa bosi wao. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikapanda tena, halafu ikakatika. Hapo kicheko nacho kilikoma. Kimya kilikaa, kikakaa, mpaka mwenye masikio akaanza kujiuliza kama mle ndani bado mna mtu. Kisha baba alivuta hewa kwa kishindo, kama aliyeibuka kutoka chini ya maji, na mkoromo ukaanza upya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapo Nchelenge, upande wa Zambia. Vita vilikuwa vimetuvusha kutoka Kongo, na baba, mchuuzi wa samaki mwenye shingo nene na tumbo lililomtangulia mlangoni, alilala kila mchana kwa sababu usiku haukumtosha.

Jambo lililowatia watu wasiwasi si kelele, bali uchovu wake. Baba alilala kuliko sisi sote na alichoka kuliko sisi sote. Aliamka kichwa kikimgonga. Alisinzia kanisani mdomo wazi, akasinzia juu ya magunia, akasinzia katikati ya neno alilokuwa akikuambia. Pwani ile ilikuwa na maelezo tayari kwa mtu wa namna hiyo: anatumwa. Mchawi huichukua nafsi yake akiwa usingizini, akaipeleka ziwani imvutie nyavu, na asubuhi huirudisha mwilini ikiwa hoi. Ile pumzi inapokatika, ndipo nafsi inapoondoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mvuvi akifika na mtumbwi uliojaa, nasi tuliutazama ule mzigo kwa jicho la pembeni, tukijiuliza ni jasho la nani. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka kama tisa, na sikumbuki mtu niliyemwamini sawasawa msimu ule.

Aliyeshuku kuliko wote alikuwa shangazi Feza, dada yake baba, tuliyekaa naye nyumba moja. Yeye hakuwatazama wavuvi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Nkambo, bibi yetu mzaa mama. Nkambo alikuwa mwembamba, mkimya, na alikaa mbali na baba kama desturi ilivyomtaka. Mama mkwe hali chakula na mkwewe, halitaji jina lake, haingii anapolala, mpaka ifanywe karamu ya kuwafungulia njia. Karamu ile haikuwahi kufanywa. Wazazi wangu walikuwa wakihamahama, na sherehe haibebwi kichwani pamoja na masufuria. Kwa hiyo watu hawa wawili waliishi ua mmoja wakikwepana, na baba akimwona anakuja alishika njia nyingine.

Mchana mmoja mama alikuwa sokoni Kashikishi. Shangazi alirudi kutoka mtoni mapema, akamkuta Nkambo nyuma ya chumba cha baba, amepenyeza fimbo ndefu kwenye mwanya wa matete, anamchoma mbavuni. Baba akashtuka, akavuta hewa, akageukia ubavu. Mimi nilikuwa nikifukuza kuku kwenye mikeka, nikaona yote.

"Mama, uko nafanya nini na ile fimbo?" Shangazi alisema polepole, kama mtu anayemkaribia nyoka.

"Niko namulamusha," Nkambo alijibu, yaani alikuwa akimwamsha. "Anasimamaka kupumua."

"Unamulamusha, ao unamutuma?"

Nkambo aliichomoa fimbo, akaificha nyuma ya mgongo wake. Kwetu sote ilikuwa kama amekiri.

Jioni kikao kilifanyika. Penye wengi pana mengi, na pale palikuwa na majirani mpaka nje ya ua. Waliuliza, kama kweli alikuwa akimwokoa, mbona hakumwambia mtu? Nkambo aliinamisha kichwa. "Nitasema je usingizi ya mukwe yangu?" alisema. "Ni haya." Watu wakaguna. Haya ile ile iliyomzuia kuingia chumbani ndiyo iliyomzuia kusema, lakini nani angeamini kwamba mwanamke mzima anamchoma mkwewe kwa fimbo kwa heshima? Mama alilia bila kumtetea. Baba alitazama chini. Kesho yake Nkambo alipandishwa lori la kwenda Chienge, kwa mtoto wa dada yake, na shangazi akaichoma ile fimbo motoni.

Tulingoja baba apate nguvu, lakini hali ilizidi kuwa mbaya. Haukupita muda mrefu, alisinzia mbele ya tanuri la kukaushia samaki, akaangukia makaa, mkono wake ukaungua hadi kiwiko. Hospitalini alilazwa, na mchana ule alikoroma wodi nzima ikamgeukia. Daktari, kijana wa Kizambia, alisimama kando ya kitanda akamsikiliza mpaka pumzi ilipokatika, akamtikisa. Alitueleza kwa Kibemba, na mama akatafsiri. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Mwenye shingo nene, tena anayekunywa kachasu jioni, njia ya hewa hujifunga kabisa. Mwili hushtuka ili usife, ukishtuka usingizi huvunjika, na hivyo ndivyo anavyokesha bila kujua. Alale kwa ubavu, ainue kichwa, aache pombe, apunguze tumbo. Kuna mashine ya kupuliza hewa, lakini hapa haipo. Kisha akauliza kitu, na mama hakukitafsiri.

"Anasema nini?" baba aliuliza.

"Anauliza," mama alisema, "nani alikuwa anakulamushaka kwa nyumba."

Shangazi alitoka nje ya wodi. Majuto ni mjukuu.

Baba aliacha kachasu siku hiyo hiyo, na mkono ulipopona alikwenda Chienge na kuku mweupe wa kuombea radhi. Nkambo alimpokea kuku, akamkaribisha mkwewe chakula kwa mara ya kwanza, nje, mbele ya watu wote. Lakini kurudi alikataa. Alisema nyumba iliyomtoa kwa kikao inaweza kumtoa tena. Aliishi Chienge, akafia Chienge, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa naishi Ndola, na mume wangu anakoroma vile vile. Yeye ana mashine, ana barakoa ya mpira na bomba linalompulizia hewa usiku kucha, na asubuhi huamka mwenye nguvu. Mwaka jana mama yake alitutembelea kutoka Lubumbashi. Alimkuta mwanawe amejipumzisha mchana na bomba usoni, akanivuta pembeni. "Ile pumzi ya mutoto yangu," aliuliza, "uko naipeleka kwa nani?" Niliyajua yale macho. Sikubishana naye. Nilimwekea kiti kando ya kitanda, nikaizima mashine, nikamvua mume wangu barakoa, nikaketi naye. Mkoromo ukaanza, ukapanda, ukakatika. Mama mkwe alinitazama, akamtazama mwanawe, akanitazama tena, kisha akaruka kutoka kitini akampiga kofi begani akipiga kelele, "Lamuka! Lamuka, mutoto yangu! Vaa kitu yako!" Nililia pale pale, naye akadhani namlilia mume wangu. Nchelenge tulikuwa na ua uliojaa watu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Nkambo, haya, keti, tumsikilize pamoja.