Bureti za Kuazima

Shule yetu ilipandishwa hadhi kwa barua. Jumatatu tulikuwa shule ya kata huku ndani ya Nyololo, Ijumaa tukawa shule ya kidato cha tano na sita, mchepuo wa sayansi, yenye kila kitu isipokuwa maabara. Jengo lake wananchi walilichangia kwa tofali na nguvu zao, likafika kwenye lenta likaishia hapo. Nyasi zimeota ndani, na mimi mwalimu wa Kiswahili kila nikipita hushikwa na hasira ambayo sina wa kumpelekea.

Mzigo wote ulimwangukia Bartholomeo Kalinga, fundi wa maabara ambayo haipo. Ni mzaliwa wa hapahapa Mufindi, mtu mzima, mpole, mwimba besi kigangoni. Tulimtania kwamba ndiye mtumishi pekee wa serikali anayelinda hewa. Alicheka, kisha Jumamosi moja akaenda Mafinga kwenye duka la dawa za mifugo, akarudi na mabomba makubwa ya sindano za kuchomea ng'ombe.

Katika kemia ya kidato cha sita mtoto lazima ajue kutumia bureti. Ni mrija mrefu wa kioo wenye alama, na koki chini: unadondosha asidi tone kwa tone hadi maji ya kwenye chupa yabadilike rangi, halafu unasoma umetumia kiasi gani. Sisi hatukuwa nayo hata moja. Bartholomeo alichomoa visukumio vya yale mabomba, akaunga mipira ya dripu chini, akayafunga kwenye fito za msonobari. Yakafanya kazi. Wakaguzi walipokuja walimpigia makofi, wakasema penye nia pana njia, wakala wali wakaondoka.

Mwanafunzi aliyeyapenda kuliko wote alikuwa Lea, msichana wa Iyunga, Mbeya, ambaye mama yake anauza viazi kando ya barabara kuu. Lea alitaka udaktari, na chuo kilidai asipungue C ya kemia. Alikuwa akifika asubuhi kabla ya ukungu kuinuka, anaosha vyombo, anarudia zoezi mpaka vidole vinakufa ganzi kwa baridi.

Sasa, bomba la sindano sifuri yake iko chini, kwenye mdomo, namba zinapanda. Bureti sifuri yake iko juu, namba zinashuka. Bartholomeo alilijua hilo, akawaambia, akawachorea na ubaoni. Lakini jicho lililozoea kwa miaka miwili kuhesabu vistari kutoka chini kwenda juu halibadilishwi na mchoro wa chaki.

Bureti za kweli tuliziazima kutoka shule nyingine, zikafika asubuhi ya mtihani wa taifa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Watoto walizishika kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, kwenye bwalo la chakula lililodekiwa harakaharaka. Bartholomeo aliruhusiwa kuongeza asidi na kufuta yaliyomwagika, bila kufungua mdomo. Alipofika kwenye meza ya Lea, asidi ilikuwa imesimama kwenye ishirini na nne nukta sita. Lea akahesabu vistari vinne kupanda kutoka ishirini na tano, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika ishirini na tano nukta nne. Akarudia mara ya pili na ya tatu, kwa uangalifu wote, akakosea vilevile.

Bartholomeo akapita. Angesema neno, bwalo zima lingefutiwa mtihani.

Lea alipata D. Nilimwambia Bartholomeo kwamba karatasi ya matokeo haisemi ni swali gani lililomwangusha mtu, na kwamba kitabu kimoja cha kemia kilisomwa na watoto wanane. Hakunisikia. Tangu siku hiyo kwaya hajaenda.

Mwaka huu Lea alikuja kuchukua cheti. Akasaini, akamwamkia Bartholomeo, akampa mfuko wa mchele wa Kyela, akamshukuru kwa kuwafundisha. Nilikuwepo ofisini.

"Mwanangu, siku ile nilikuona," Bartholomeo akasema. "Ulihesabu kutoka chini, mara zote tatu. Ni mabomba yangu yaliyokuzoesha vibaya."

Lea alikifungua cheti, akaitazama ile D.

"Nilijua sina akili," akasema. "Hata nyumbani niliwaambia hivyo, wasinitegemee, sina akili ya udaktari."

"Akili unayo, mwanangu. Mimi nilikatazwa kuongea."

"Kuongea, sawa," Lea akasema taratibu, bila ukali wowote. "Lakini ungekohoa tu, mwalimu. Ningeangalia tena."