Mshambuliaji Aliyewekwa Golini

Vita vilipokwisha nilirudi Changamwe na goti bovu, nikakuta timu iliyokuwa ikinilipa kabla sijaenda jeshini imeshapata mshambuliaji mwingine. Nilihangaika miezi mingi. Mwishowe kampuni moja ya Kipevu ikatangaza inatafuta mfungaji wa mabao, na atakayechaguliwa angepewa kazi na chumba. Nikikosa hapo, mpira kwangu ndio basi.

Siku ya majaribio kipa wao hakutokea. Nahodha akaniangalia, maana nilikuwa mrefu kuliko wote.

"Kaka, tushikie goli kidogo. Akija utatoka."

"Mimi nimekuja kufunga," nikamwambia.

"Najua. Kidogo tu, tafadhali."

Kipa hakuja kabisa. Nilisimama golini nikiwatazama vijana wakipoteza nafasi ambazo ningezifunga hata na goti langu lile. Kwa hasira nilidaka kila mpira, na hakuna aliyenifunga.

Mchezo ulipokwisha, msimamizi wa timu alinipa mkono. "Umedaka vizuri sana, bwana. Lakini kipa tunaye. Tunatafuta mshambuliaji."

"Mshambuliaji ni mimi," nikasema.

Akamgeukia nahodha. Nahodha akainama kufunga kamba za viatu.

"Wallahi, sikukuona ukishambulia," msimamizi akasema, akaenda kumwita kijana mwingine.

Nyumbani mke wangu aliniuliza nimefunga mangapi. Nilikaa kitandani nikaanza kulikanda goti langu. Juma lililofuata nilikwenda kubeba magunia bandarini, na sikucheza tena kwa malipo.