Kengele za Mbwa Wasiobweka

Treni ilitufikisha Kamina, mimi na mbwa wangu mzee, baada ya kulala mara nyingi kwenye stesheni zisizo na maji. Huko ndiko alikofia. Jirani yangu mwindaji akataka kunipa mtoto wa mbwa wake, nikakataa. Vita vilikuwa vinakaribia, na niliogopa kumwacha nikikimbia.

"Basi kwanza tumulilie ule muzee," akasema.

Asubuhi wawindaji wenzake walikuja na mbwa wao. Mbwa wa uwindaji wa kule hawabweki, kwa hiyo huvalishwa kengele za mbao shingoni ili wasikike walipo. Siku hiyo kengele zilikuwa zimezibwa kwa majani, na wote wakasimama kwenye kaburi la mbwa wangu kimya kabisa. Kisha majani yakatolewa, mbwa wakaachiwa, na kichaka kizima kikalia kengele. Sikujua kwamba mbwa anaweza kuagwa hivyo.

"Na nikikimbia?" nikamwuliza mwindaji kwa sauti ndogo.

"Mbwa iko na miguu ine, weye iko na mbili. Nani ataacha mwenzake?"

Nikamchukua yule mtoto. Siku nilipoondoka Kamina nisirudi tena, yeye ndiye aliyetangulia kupanda behewa.