Mistari Mieupe Juu ya Udongo Mwekundu

Jamani, mlishaona wapi mtu anapaka rangi udongo?

Kwetu Kasongo, huku Kongo, walipaka. Mchana kweupe, watu wanatazama: mistari minane mieupe katikati ya barabara isiyo na hata tone la lami.

Na aliyesababisha ni shangazi yangu, Mama Mwamvita. Ameniruhusu niandike. Alisema, "Andika yote, usinifiche."

Basi sikilizeni.

Mama Mwamvita anauza chai na mikate mbele ya shule. Tangu barabara ile ichongwe na mitambo, ikawa laini kama mkeka, waendesha pikipiki waliota mabawa. Wanateremka kilima na abiria watatu, magunia, na mbuzi juu. Watoto wanavuka hapohapo.

Ndani ya mwaka mmoja waligongwa watoto wanne. Wa nne, shangazi mwenyewe ndiye aliyemwokota.

Jirani yake, Mwalimu Hemedi, akamwambia kuna wafadhili wanaotoa fedha za kulinda waendao kwa miguu na baiskeli.

"Watu ya miguu njo sisi, ndiyo sisi wenyewe," Mama Mwamvita akasema. "Andika."

Waliandika mwezi mzima. Yeye anasema, Hemedi anageuza kwa Kifaransa. Waliomba kitu kimoja tu: matuta mawili ya mawe na udongo, ili piki zipunguze mwendo, zitake zisitake.

Jibu likaja. Wamekubaliwa! Vigelegele mtaa mzima.

Kisha akafika Aganze, kijana mpole wa shirika lililopewa kusimamia.

"Mama, matuta hapana. Ile ni kazi ya Serikali, mufuko yetu hairuhusu. Inaruhusu alama na mafundisho."

"Alama gani?"

"Mistari. Na vibao mbili."

"Juu ya udongo?"

Aganze akainamisha macho. "Mama, njo vile imeandikwa. Tukikataa, yote inarudi."

Wewe ungefanyaje? Alikubali.

Wakapaka. Wakapiga picha. Na wiki nzima Mama Mwamvita, kofia ya mradi kichwani, akawafundisha watoto wimbo aliotunga mwenyewe: mustari mweupe ni yako, piki itakungoja. Akawavusha mmoja mmoja kwa mkono. Watoto wakaamini, kwa sababu aliyesema ni yeye.

Waendesha piki hakuna aliyewafundisha. Hawakuwemo kwenye mradi.

Siku ya tisa, asubuhi, akafika pale Latifa, binti wa fundi cherehani Bakari. Miaka saba. Zamani angesimama, angetazama kilimani, kisha angekimbia. Siku ile hakutazama. Alitembea polepole katikati ya mistari, mkono juu, kama alivyofundishwa.

Piki ilikuwa na magunia mawili ya mchele. Dereva alikanyaga breki mpaka mwisho.

Mama Mwamvita alifika wa kwanza. Mguu wa mtoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti.

Latifa hakulia. Aliuliza tu.

"Mama Mwamvita, nilikuwa ndani ya mustari, si ndiyo?"

"Ulikuwa ndani, mama yangu. Ulikuwa ndani."

Mguu ulipona, lakini ukabaki mfupi. Bakari hakumtukana shangazi yangu, hakumshitaki. Aliendelea kumsalimia kama zamani, na hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko matusi.

Mvua mbili zikafuta mistari yote.

Akamwomba Hemedi awaandikie wafadhili kwa barua pepe. Wakaandika mara tatu. Mara tatu mashine ikajibu kwamba anwani ile haipokei ujumbe. Akampigia Aganze. Aganze akasema ripoti ilishaenda, wiki ile ya kwanza, kabla ya Latifa.

Ajali: sifuri.

Baada ya miezi mitatu, simu ikalia. Aganze tena, sauti imechangamka.

"Mama, furaha! Mradi yako imekuwa mufano. Wanaipeleka Kabambare, na wanataka wewe njo uifungue!"

Alipanda piki siku nzima kwenye matope. Hakuenda kufungua. Alienda kuzuia.

Alipofika, rangi ilishakauka. Watoto walikuwa wamepangwa, wanaimba wimbo wake, neno kwa neno.

Akapewa kipaza sauti. Akasema yote, ya Latifa, ya mguu, ya mvua.

Akasimama Mama Cadette, mkuu wa kamati ya wazazi wa kule.

"Dada, ninyi mulishakula yenu. Leo yetu inafika, unakuya kuiziba? Tangu tuzaliwe, nani alishatuletea kitu hapa?"

Watu wakampigia makofi yeye. Na shangazi yangu hakuweza kumkasirikia. Alijua kungoja kulivyo.

Akaomba ruhusa moja tu, asimame na watoto barabarani. "Tazama juu, tazama chini," akawaambia. "Mustari haina breki."

Watoto wakacheka. Mmoja akamsahihisha. "Mama, umesahau wimbo. Piki itakungoja!"

Kesho yake akapanda piki kurudi. Dereva akapita juu ya mistari ile kwa kasi, bila hata kuiangalia.

"Polepole, baba!" Mama Mwamvita akampiga mgongoni.

"Nini, Mama? Kuko nini pale?"

Ndugu zangu, msaada usiouliza unaumwa wapi unaweza kukutia kidonda kipya. Lakini shangazi hataki somo liwe la wafadhili peke yao. Yeye ameniambia niandike hivi: mtoto anayekuamini, usimpe neno ambalo wewe mwenyewe huliamini.