Jeneza Lililofika Harusini

Jumamosi iliyopita nilisimamia maziko ya Masanja, kijana wa kanisa letu la Baptisti huku upande wa Didia, aliyefukiwa na kifusi machimboni Geita. Mama yake alinisihi nitume mtu barabarani akalipokee gari la maiti.

"Mama Masanja, tulia," nikamwambia. "Dereva nimemwelekeza mwenyewe."

Bango la kanisa liliangushwa na upepo, kwa hiyo nilimwambia dereva aache lami akiuona mnara wa simu, kanisa lipo hapo jirani. Nilijiona mtu wa maana kweli. Sikukumbuka kwamba siku hizi minara ni miwili, na huo mpya, ambao anayetoka Geita huanza kukutana nao, nao una kanisa jirani.

Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Simu yangu ilipoita, nikaweka spika ili wote wasikie habari njema.

"Mzee," dereva akasema kwa sauti ya chini, "jeneza tumeshaliingiza kanisani. Ila humu kuna bibi harusi, analia, na watu wanatufukuza."

Mama Masanja akainuka mkekani, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Baba, msimwache peke yake," akamwambia dereva. "Mimi mama yake nakuja."

Akanirudishia simu bila kunitazama, akatoka. Wanawake wote wakamfuata. Mimi nikabaki mbele ya kanisa na suti yangu ya usimamizi, sijui hata pa kuweka mikono.