Nyumba Iliyomwitikia Mama

Nakumbuka vizuri mchana ule wa ukungu, mwanangu, ukungu wetu wa Kashebere unaoingia hadi ndani ya sufuria. Nilikuwa kijana. Masomo niliachia darasa la tatu, lakini mbao nilizopasua mwenyewe msituni zilikuwa zimenipa nyumba ya matofali: ukumbi mrefu, sementi inayong'aa, vioo vyeusi. Wapita njia walikuwa wanasimama. "Eh, kaka, hii iko Goma kabisa, ya mjini!" Nilikubali. Jasho langu njo lilisimama pale, jasho langu lenyewe.

Ili ipate kiwanja, nilibomoa nyumba ya mama, ya mianzi na udongo, mlango mfupi, moto katikati. Mama nikamuweka chumba cha ndani.

Mchana ule natoka sokoni, nasikia anaongea. Baba alikuwa amekufa zamani, na mgeni hatukuwa naye.

"Uko?"

"Uko," ukumbi ukajibu.

"Kuja ule."

"Ule."

Akacheka polepole, kama mke na bwana yake. Kando yake sahani mbili.

Mwangwi naujua, mimi si mjinga. Nikaita, "Mama!" Ukumbi ukarudisha, "Mama." Halafu ukakohoa. Mimi sikukohoa. Mama hakukohoa. Baba njo alikuwa anakohoa vile.

Mama hakushtuka. Akasema:

"Kwangu kule nikiita, jirani anaitika. Hapa watu wanaogopa kuchafua sementi yako. Sasa nani aniitikie? Hii nyumba ulijengea barabara, mutoto wangu."

Sahani yake hakuigusa. Nikaona mifupa ya mikono yake, nikaelewa kwamba ameanza kutuacha, anamfuata yule anayemwitikia.

Kesho yake nilikata mianzi, nimjengee mama nyumba kama ile yake ya zamani. Majirani wakakanyaga udongo, wakinitania: "Bwana Goma, leo matope yanakufaa?" Moto ulipowaka, mama akaita, "Nani iko?" Wakaitika watatu kwa mara moja, na mmoja akaomba chumvi. Siku ile alikula.

Nyumba ya matofali ingali imesimama, na bado ninajivunia. Ila mule ukumbini siiti mtu.

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi naongeza, mwanangu: ukishaingia, ita, usikilize. Macho ya barabara yanasifu na kupita. Wewe njo unabaki. Jenga ya kisasa ukipenda, lakini uache mahali pa jirani kukaa na miguu yake yenye matope.

Mungu akupe nyumba ambayo ukiita, walio hai ndio wanaotangulia kuitika.