Samaki wa Sebuleni kwa Bwana Premji

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako asinisikie nikisema hivyo. Ni siku niliyoitwa dukani kwa Bwana Premji, pale Singida mjini, enzi za Mwingereza, nikaambiwa nijenge nyumba ya samaki ndani ya sebule. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia, na bado sikuamini.

Nilikuwa kijana, fundi bomba. Kazi nilijifunzia bomani, nikivuta mabomba kwenye nyumba za Wazungu, na tayari nilikuwa nimeanza kupata jina. Lakini kwetu, upande wa Issuna, maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Mama zetu walitoka kabla ya jua, wakakaa pembeni ya shimo na kata mkononi, wakingoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Sasa fikiria kijana wa huko anaambiwa ajaze maji kwenye tangi la saruji lenye urefu wa kitanda, upande mmoja kioo, waogelee samaki ambao hakuna mtu atakayewala. Hakuna atakayewala, mwanangu. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nilipomsimulia mama yangu, aliweka ungo chini akaniuliza kama huyo Bwana ana homa.

Hakuwa na homa. Alikuwa na mama yake, mzee na mgonjwa, aliyelala chumba cha nyuma ya duka, na sisi sote tulimwita Bibi. Alikuja nchi hii akiwa mwari aliyeolewa juzi, akauza vitambaa na chumvi mpaka Kiswahili kikamkaa mdomoni. Sasa miguu ilikuwa imegoma, na mtoto wa jicho alikuwa anamfunga macho taratibu. Utotoni, kule kwao India, alizoea kukaa kando ya bwawa la kijiji akiwatazama samaki. Alimwambia mwanawe kwamba hana hamu ya kitu kingine duniani ila kuwaona tena kabla macho hayajafunga. Bwana Premji nilimjua kuwa mtu mkavu, asiyecheka na mteja. Siku hiyo alinieleza hayo huku machozi yanamtoka mbele ya watu. Nikaikubali kazi palepale.

Mpango nikauchora ardhini kwa kijiti, uani kwake. Pipa litakaa juu ya jukwaa, nje ya ukuta. Kutoka kwenye pipa bomba litashuka, litapenya ukuta na kuingia kwenye tangi la samaki. Upande wa pili bomba jingine litatoa maji yaliyozidi, yapite kwenye kasha la mchanga na mkaa ili yachujike, kisha yaingie kwenye shimo la saruji. Pale shimoni pampu ya mkono itayarudisha juu kwenye pipa. Maji yaleyale yatazunguka, na kazi ya mtu itakuwa kupiga pampu tu. Mpaka leo nasema ulikuwa mpango mzuri.

Ila nilikuwa mtu wa Issuna hata nikiwa na spana mkononi. Kwetu maji hufunikwa. Mtungi una kifuniko chake, kisima huwekewa miiba, na mtoto akiacha ndoo wazi anachapwa. Basi nami nikafunika. Pipa nikalitia mfuniko wa bati, shimo nikaliziba, tangi lenyewe nikalifungia mbao zilizobana sawasawa, vumbi lisiingie wala jua lisinywe hata tone. Mdomo wa bomba la kuingiza maji nikauzamisha chini kabisa ili maji yaingie kimya, yasiruke. Bwana Premji, ambaye alizaliwa hapohapo Singida, alizunguka akigusa huku na huku, akafurahi. Majirani waliokuja kutazama walisifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro, maana wote tulilelewa na ukame uleule.

Samaki walitoka ziwa Kitangiri, perege wadogo, ndani ya madebe juu ya lori la dereva mmoja aitwaye Hamisi. Nilikwenda naye. Tulipanda mlima Sekenke tukirushwa juu na chini, maji yakitumwagikia hadi nguo zikalowa, nami nikilaani kila tone linalopotea. Tulifika jioni, samaki wote wazima. Tulipowamimina wakaanza kupita nyuma ya kioo, nilipigwa na butwaa, mimi niliyejenga kwa mikono yangu. Sikujua samaki ni mzuri hivyo akiwa hai. Bibi hakuwa na nguvu siku hiyo. Mwanawe akasema apumzike, atabebwa sebuleni keshokutwa, siku ya sikukuu yao, jamaa wote wakiwepo.

Kesho yake samaki wakapanda juu. Walijipanga chini ya zile mbao, midomo wazi, wakiichezesha. Tukadhani wana njaa. Watu wa nchi kavu, tukiona kinywa kimefunguka tunafikiria chakula kwanza. Tukawamwagia unga, tukafunika tena.

Asubuhi ya sikukuu nilikuja nimevaa shati safi. Nikaondoa mbao. Samaki wote walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, meupe yale matumbo, na hakuna aliyetikisika. Nilishika ukingo wa tangi. Nyuma yangu nikasikia watu wanambeba Bibi na kiti chake.

Bwana Premji akawasimamisha mlangoni. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angenifokea. Alimwambia mama yake ukweli wote, akageukia ukuta. Bibi akaagiza nisogee. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Halafu akaniuliza, "Njiani walikuwa wazima?"

"Wazima, Bibi."

"Na madebe mliyafunika?"

"Hatukuyafunika. Maji yalikuwa yanarukaruka, tukalowa wote."

"Na humu ukafunika."

"Kwetu maji hufunikwa, Bibi."

Akanielekezea uso, macho yake yamejaa ukungu. "Maji ya mtungi hayana mtu ndani, mwanangu. Haya yana wenyewe. Wewe umetunza maji, wenyewe ukawasahau. Wamekuja juu kukuomba hewa, ukawapa unga."

Nilibaki pale chini nimepiga goti. Nilikuwa nimejigamba mji mzima kwamba kazi yangu haipotezi tone. Kumbe kwa kila tone nililolizuia nilizuia pumzi ya mtu. Hofu niliyopata siku ile haijanitoka mpaka leo nikikusimulia.

Siku iliyofuata nikabomoa. Bomba nikaliinua juu ya tangi, maji yakawa yanaanguka kutoka juu yakitoa povu. Mbao nikazitupa. Pipa nikaliacha wazi, shimo nikalifunika kwa wavu tu. Maji sasa yalipotea, ndiyo, tukawa tunaongeza kila siku. Mama yangu aliposikia, alitikisa kichwa hadi nikaona haya.

Lakini masika yakatuwahi kabla hatujaleta samaki wengine. Sekenke ikawa tope, lori la Hamisi likashindwa kupita. Kila asubuhi Bwana Premji alisimama barazani akitazama barabara ya Iramba, na kila asubuhi chumba cha nyuma kilizidi kuwa giza kwa Bibi. Maji yakaanguka tangini majuma na majuma, hayana samaki. Barabara ilipokauka na samaki kufika, Bibi hakuweza tena kutofautisha mchana na usiku.

Walimbeba hivyohivyo. Akawekwa kando ya tangi, na mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti miguuni pake akamwambia, "Nimechelewa, Mama."

Bibi akasema, "Nitie mkono majini."

Mwanawe akamkunjia mkono wa nguo, akautumbukiza mkono wake taratibu. Perege wakakimbilia kona ya mbali. Tukangoja. Akaja mmoja, akajaribu ncha ya kidole, akarudi nyuma. Kisha wakaja wengine, wakaanza kumdonoa vidole. Bibi alishtuka akautoa mkono, akaurudisha haraka, akaanza kucheka. Nilikuwa nimemjua muda wote ule na sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka huku akiita kwa lugha yao maneno nisiyoyaelewa, na Bwana Premji akawa anamjibu huku analia, nami nikatoka nje nikalie peke yangu. Kama zile mbao zangu zingekuwapo, mkono ule usingekuwa na pa kupita.

Mwanangu, sasa una nyumba, una watoto, na kazini kuna watu chini yako. Najua utawalinda, maana damu yetu ni ya kulinda. Mimi nakuomba jambo moja. Kabla hujaweka kifuniko, uliza nani yumo ndani na anapumua vipi. Ukimwona mtu wako amepanda juu amefungua kinywa, usimpe kile ulichokikosa wewe ulipokuwa mdogo. Inama, umuulize amekosa nini yeye, halafu umwamini akikujibu, hata kama jibu lake litakugharimu maji kidogo.

Mungu akujalie nyumba ambayo watu wake wanapumua. Akupe masikio ya kusikia wanachokuomba wangali hai, na mikono isiyoona taabu kubomoa ilichokosea. Nenda salama, mwanangu, na barabara yako iwe kavu.